Mwili Hauzoei Dawa: Hotuba kuhusu Jeni za Bakteria na UTI Sugu

Mabibi na mabwana, ndugu zangu, hamjambo.

Mimi ni mtu wa maabara. Kwa miaka mingi nimekaa karibu na dirisha la kupokelea mikojo, na kuna sentensi moja ambayo haipiti wiki sijaisikia: "Hii dawa mwili wangu umeshaizoea." Anayeisema huwa kachoka. Alianza kwa kuungua akikojoa, dalili ya UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, akawa haendi mbali na choo, akameza vidonge, akapata nafuu ya siku mbili, tatu, kisha yakaanza upya. Simlaumu hata kidogo. Ila sentensi yake ina kosa, na kosa hilo ndilo limenileta mbele yenu leo.

Mwili hauzoei antibiotiki. Figo zako, damu yako na kibofu chako viko vilevile vilivyokuwa. Aliyebadilika ni bakteria, na kilichombadilisha ni jeni: maelekezo yaliyoandikwa kwenye DNA yake, ambayo mababu zake pengine hawakuwa nayo. Kosa hili si la maneno tu. Anayeamini kuwa mwili ndio uliozoea, huamini pia kwamba yeye ambaye hajawahi kumeza siprofloksasini maishani mwake yuko salama. Akiugua, dawa itamponya tu. Si kweli. Bakteria anaweza kukufikia akiwa na usugu wake tayari, yaani uwezo wa kuihimili dawa, ameupata kwa watu wengine, kwa dawa walizomeza wengine.

Nimekuja na picha moja tu, ile mnayoiona ukutani. Ni sahani ya maabara, pana kama kiganja. Mkojo wa mgonjwa tuliuotesha kwanza kwenye sahani nyingine, yakaota makoloni, yaani vikundi vya bakteria, ya rangi ya waridi. Mwenye uzoefu akiyaona hivyo anaanza kuwaza E. coli kabla hata hajathibitisha. Tukachukua machache, tukayakoroga kwenye maji ya chumvi, tukayapaka kwa pamba juu ya agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, hadi uso wote ukaenea. Halafu tukapanga vikaratasi vya mviringo vilivyolowekwa dawa, kila kimoja na dawa yake. Sahani ikalala kwenye joto la nyuzi 35. Asubuhi unashika rula.

Tazameni kikaratasi hiki cha nitrofurantoini. Kimezungukwa na duara tupu, safi, bakteria hawakuthubutu kusogea. Sasa njooni kwa hiki cha siprofloksasini. Bakteria wamejaa mpaka ukingoni, kama nyasi zilizoota hadi kwenye ukuta wa nyumba. Hapa unaandika 6. Mwanafunzi mgeni huuliza, kwa nini 6 na si sifuri? Kwa sababu kikaratasi chenyewe kina upana wa milimita 6. Kwa hiyo katika kazi yetu 6 ndiyo sifuri, na mimi siku hizi naiandika mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Na hapa katikati kuna umbo la ajabu, kama tundu la ufunguo. Liwekeni kichwani, nitalirudia.

Kwanza tumjue mgeni wetu, ingawa kumwita mgeni ni kumwonea. Sehemu kubwa ya UTI za kawaida, kama tatu kwa kila nne au zaidi kidogo, husababishwa na E. coli, bakteria aliyeelezwa na daktari Theodor Escherich mwaka 1885. Waliobaki ni kina Klebsiella, Proteus, Enterococcus na wenzao. E. coli anaishi utumbo mkubwa, kwako na kwangu, na huko hatusumbui. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu hata nguoni hayuko, yuko ndani kabisa. Safari yake kutoka njia ya haja kubwa hadi mlango wa mkojo ni fupi, na kwa mwanamke ni fupi zaidi, na mrija wake wa mkojo nao ni mfupi. Hapo usafi si hoja kubwa kama watu wanavyodhani. Ni maumbile. Karibu nusu ya wanawake wote hupata UTI angalau mara moja maishani, na nusu ya wanawake wote hawawezi kuwa wachafu.

Lakini si kila E. coli anaweza kibofu. Mwaka 1997 wanasayansi walisoma DNA yote ya E. coli mpole wa maabara, wakakuta herufi kama milioni 4.6. Mwaka 2002 wakasoma ya mwingine, aliyetoka kwa mgonjwa wa maambukizi makali ya figo: herufi milioni 5.2. Walipoweka pamoja protini za hao wawili na za wa tatu anayeharisha watu damu, zilizokuwa za wote watatu hazikufika asilimia 40. Jina moja, spishi moja, na hata nusu ya mali hawashirikiani! Binadamu tungekuwa hivyo, sijui undugu tungeupimaje.

Katika mali hiyo ya ziada ndimo zilimo jeni za kazi ya kibofuni. Ninayoipenda mimi inaitwa fimH. Bakteria huyu ana vinywele vyembamba mwili mzima, na kwenye ncha ya kila kinywele kuna protini ya FimH, inayonasa sukari aina ya manosi iliyoko juu ya seli za ukuta wa kibofu. Mkojo unapita kwa nguvu, yeye kashika. Kinachonishangaza zaidi ni swichi yake. Mbele ya jeni za vinywele hivyo kuna kipande cha DNA cha herufi 314 ambacho hukatwa, kikageuzwa kichwa chini miguu juu, kikaunganishwa tena. Kikielekea upande mmoja, vinywele vinatengenezwa. Kikielekea mwingine, hakuna. Kwa hiyo katika kundi moja la ndugu wa damu, wengine wana mikono na wengine hawana, na hali yoyote itakayokuja itawakuta wako tayari. Wapo wanaofika hadi figo, na hao mara nyingi wana vinywele vya aina nyingine, vya jeni za pap, vinavyonasa sukari za seli za figo.

Mtaniuliza kuhusu unga wa manosi unaouzwa kuzuia UTI. Hoja yake ni nzuri: mjaze bakteria sukari ya bandia, akose pa kushika. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2024 liliwapa unga huo kila siku wanawake wenye UTI za kujirudia, na haukuwasaidia kuliko unga usio na kitu. Hoja nzuri si dawa.

Akishashika, baadhi yao huingia ndani ya seli za kibofu zenyewe na kuzaana humo, wamejificha. Humo wapo wanaoweza kulala, wakaamka baadaye. Nasema haya kwa sababu si kila UTI inayorudi ni usugu. Nyingine ni bakteria yuleyule asiye na usugu wowote aliyekuwa amejificha, na nyingine ni mwingine kabisa kutoka utumboni. Kutofautisha hayo kwa kukisia haiwezekani, na kubadilisha antibiotiki kila inaporudi bila kuotesha mkojo ni kupiga risasi gizani.

Sasa usugu wenyewe. Bakteria ana njia mbili za kuupata: kukosea au kupewa.

Kukosea ni hivi. Kila anapojigawa lazima anakili DNA yake yote, na mara chache sana hukosea herufi. Chukua kibofu chenye mililita 300 za mkojo, kila mililita ikiwa na bakteria 100,000, kiwango ambacho maabara nyingi hukihesabu kuwa maambukizi. Hao ni milioni 30, na katika mazingira mazuri E. coli hujigawa kila dakika 20. Kosa la mara moja katika mamilioni halibaki kuwa nadra. Siprofloksasini hufanya kazi kwa kuibana mashine inayosokota DNA ya bakteria, inayoitwa girasi. Jeni ya mashine hiyo, gyrA, ikibadilika herufi moja tu mahali panapofaa, kiungo cha 83 cha protini kinageuka, serini inakuwa leusini, na dawa inakosa pa kushika vizuri. Kosa la pili kwenye jeni ya parC likija juu yake, mambo yanakuwa magumu zaidi. Ile 6 niliyoiandika kwa kawaida ndiyo hiyo: makosa ya tahajia mawili, matatu.

Kupewa ndiko kunakonikosesha usingizi. Bakteria wana DNA ndogo za pembeni, za mviringo, ziitwazo plasmidi. Si sehemu ya kromosomu, ile DNA yao kuu. Ni kama faili linalotembea. Bakteria mmoja anamgusa mwenzake, wanaunganishwa kwa mrija, nakala ya plasmidi inapita. Aliyetoa habaki bila, wote wawili sasa wanayo. Na si lazima wawe wa spishi moja. Joshua Lederberg na Edward Tatum walionyesha mwaka 1946 kwamba bakteria hupeana jeni, na wengi walidhani ni jambo la kufurahisha maprofesa tu. Miaka ya 1950 Japani ikakumbwa na wagonjwa wa kuhara damu ambao Shigella wao walikuwa sugu kwa dawa nne kwa mpigo: salfa, streptomaisini, kloramfenikoli na tetrasaiklini. Kosa la herufi haliwezi kukupa dawa nne kwa siku moja. Mwaka 1959 Wajapani wakaonyesha kuwa usugu huo wote unahama kama kifurushi kimoja, kutoka Shigella kwenda E. coli.

Turudi kwenye tundu letu la ufunguo. Upande mmoja kuna kikaratasi cha sefotaksimu, dawa ya jamii ya sefalosporini. Duara lake ni dogo, bakteria wanaidharau. Jirani yake ni amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki. Angalieni: mahali dawa hizo mbili zinapokutana, bakteria wamekufa, na eneo tupu limevutika kuelekea kwa jirani. Bakteria huyu anatoa kimeng'enya kinachoikata sefotaksimu vipande. Asidi ya klavulaniki inakiziba mdomo kimeng'enya hicho, na hapo ghafla dawa inafanya kazi. Umbo hilo ni alama ya vidole. Tukiliona tunaandika ESBL kwenye majibu, jina la vimeng'enya vya namna hiyo, na daktari akiisoma anajua kwamba seftriaksoni, sefalosporini nyingine aliyokuwa akiitegemea, haimsaidii tena.

Vimeng'enya vya jamii hii si vipya. Abraham na Chain walieleza kimeng'enya cha E. coli kinachoharibu penisilini mwaka 1940, kabla penisilini haijawafikia wagonjwa wa kawaida. Tuliendelea kubuni dawa ambazo vimeng'enya vya zamani havikuweza kuzikata, na vikatokea vipya. Kinachotawala UTI duniani leo ni cha jamii ya CTX-M, hasa CTX-M-15. Mjue jeni yake ilitoka wapi: kwa bakteria waitwao Kluyvera, ambao ni nadra sana kumfanya mtu yeyote augue. Jeni ilikuwa imetulia kwenye kromosomu yao, kisha kipande cha DNA chenye tabia ya kurukaruka kikaibeba na kuipandisha kwenye plasmidi. Plasmidi ikapanda ndani ya E. coli. Na kati ya E. coli ukoo mmoja, unaoitwa ST131, ukaipokea ukiwa tayari una makosa ya gyrA na parC na tayari una vinywele vizuri vya kushikia kibofu. Ulipotambuliwa mwaka 2008, ulikuwa umeshasambaa katika mabara kadhaa. Huyo ndiye mnayemwona ukutani, au ndugu yake.

Na msidhani jeni hizi ni zao la viwanda vya dawa. Mwaka 2011 watafiti walichapisha walichokikuta kwenye udongo ulioganda miaka 30,000 huko Yukon, Kanada: jeni za kuharibu dawa za jamii ya penisilini, za tetrasaiklini, hata za kuikwepa vankomisini. Bakteria na kuvu wa udongoni wamepigana kwa sumu hizi tangu hapo. Sisi tumeziazima tu. Tulichofanya ni kuwachagua wenye jeni hizo na kuwaondolea washindani, kila tunapomeza dawa na kila tunapomlisha mnyama dawa.

Kuna mbinu nyingine, pampu za kuitapika dawa, milango ya seli inayozibwa. Sitakaa hapo.

Nitakaa kwenye kisa kimoja. Mwaka 2008 mgonjwa mmoja nchini Sweden, aliyekuwa amelazwa India kabla yake, alipimwa mkojo. Ilikuwa UTI. Ndani mlikuwa na Klebsiella mwenye kimeng'enya ambacho hakikuwa kimeonekana, kinachokata hata karbapenemu, dawa tunazoziweka akiba kwa siku mbaya. Kikaitwa NDM-1, herufi mbili za kwanza zikiwa za New Delhi, na jina hilo likazua manung'uniko ambayo mimi nayaona ya haki. Bakteria hana pasipoti. Lakini sikilizeni hili: kwenye kinyesi cha mgonjwa huyohuyo walikuta E. coli mwenye jeni ileile, juu ya plasmidi ya ukubwa tofauti. Waliouandika utafiti walihisi kwamba jeni ilihama ndani ya mwili wa mtu yule mmoja. Kwa hiyo ninaposema bakteria hupeana jeni, msiwaze tu chupa za maabara. Wazeni tumbo.

Mwaka 2019 vifo milioni 1.27 duniani vilikadiriwa kusababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria. UTI nyingi haziui. Lakini maambukizi yakipanda figoni na kuingia kwenye damu, dawa ya kwanza ikiwa siyo, saa zinapotea, na kwa mgonjwa wa namna hiyo saa ni kitu kikubwa.

Mnataka kujua mfanye nini. Nitasema machache ya upande wangu wa dirisha. Mkojo unaoletwa uwe wa katikati: uanze kukojoa, uache kidogo upite, ndipo ukinge. Mkojo uliokingwa ovyo hunipa bakteria wa ngozini wa aina tatu, na jibu langu litakuwa "rudia". Uletwe kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Nikiletewa baada ya siku mbili za dawa, huenda nisioteshe kitu hata kama ugonjwa upo. Ukikaa mezani nusu siku kwenye joto, wachache watakuwa wengi na nitakupa majibu ya uongo bila kujua.

Na kama huna dalili yoyote, usiende kutafuta UTI. Watu wengi, hasa wazee, wana bakteria kwenye mkojo na hawaugui. Kuwatibu hakuwasaidii, kunawachagulia bakteria sugu tu. Wajawazito ni jambo jingine, hao hutibiwa hata bila dalili, na vilevile anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo. Mwenye homa, kutapika au maumivu ya ubavuni asisubiri chochote nilichosema hapa, aende hospitali.

Kuhusu "maliza dozi", nina mashaka na namna tunavyoihubiri, kana kwamba ndefu ndiyo bora. Kwa UTI ya kawaida ya kibofu ya mwanamke, nitrofurantoini ya siku tano inatosha, na fosfomisini ni mara moja tu. Meza ulichoandikiwa, kwa siku ulizoandikiwa. Vilivyobaki vya mwaka jana usimpe dada yako.

Nitrofurantoini nayo naiheshimu. Imetumika tangu mwaka 1953 na E. coli wengi bado wanaisikia. Haishambulii mahali pamoja. Ikishageuzwa na vimeng'enya vya bakteria mwenyewe inavuruga vitu vingi kwa mara moja. Ili aikwepe inabidi aharibu jeni zake mbili, nfsA na nfsB, na kwa kawaida aliyejiharibu hivyo hukua polepole zaidi. Ila Proteus haimgusi tangu asili, ndiyo maana nasisitiza kuotesha.

Hapo nilinyamaza, na swali la kwanza lilitoka kwa kijana wa safu ya tatu, ambalo naliandika kwa sababu lilikuwa bora kuliko nusu ya hotuba yangu. Aliuliza: "Kama kubeba jeni za ziada ni mzigo, si tukiacha dawa fulani miaka michache, bakteria watazitua wenyewe?"

Nilimjibu kwamba hata sisi tulitumaini hivyo. Uingereza iliacha karibu kabisa kutumia salfa katika miaka ya 1990. Katika hospitali moja ya London, E. coli sugu kwa salfa walikuwa asilimia 39.7 mwaka 1991. Mwaka 1999 walikuwa asilimia 46. Walipanda! Sweden, katika jimbo la Kronoberg, walikwenda mbali zaidi: kwa miezi 24 walipunguza matumizi ya trimethoprimu, dawa ya UTI hasa, kwa asilimia 85. Usugu ulitikisika kidogo sana. Sababu mojawapo ni kwamba jeni haisafiri peke yake. Ile ya salfa iko kwenye plasmidi moja na ya amoksilini, na ya streptomaisini, na nyinginezo. Ukimeza mojawapo umezitunza zote.

Sababu nyingine ni ya kikatili zaidi. Plasmidi nyingi za aina inayobeba CTX-M-15 zina jeni mbili zinazokaa pamoja: moja inatengeneza sumu inayodumu, nyingine inatengeneza kiuasumu kinachooza haraka. Bakteria mwenye plasmidi anaendelea kutengeneza vyote viwili, anaishi. Mtoto wake akizaliwa bila plasmidi, amerithi mabaki ya vyote viwili lakini hawezi kutengeneza kipya. Kiuasumu kinaisha kwanza. Sumu inabaki, inamuua. Plasmidi haikubali kuachwa.

Kijana akauliza sumu hiyo inashambulia nini. Nikamwambia, moja wapo inayojulikana zaidi, CcdB, inakwenda moja kwa moja kwenye girasi: mashine ileile inayobanwa na siprofloksasini.